Idi Amin: Mtoto wa mpakani aliyewahukumu watu wa mpakani

Basi la usiku kutoka Busia, Malaba au Mutukula humshusha mfanyabiashara katikati ya Kampala kabla jua halijachomoza, na kutoka hapo haendi mbali. Kikuubo inamngoja na katoni zake za sabuni, biskuti na mafuta ya kupikia. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, limebanana kando ya uwanja wa Nakivubo na mfereji wa Nakivubo, ule ambao mvua kubwa ikinyesha huwakumbusha wenye vibanda kwamba ulikuwapo kabla yao. Shauriyako iko jirani, na jina lake halihitaji mkalimani. Kisenyi ina mashine za kusaga mahindi na Kiswahili cha kila namna, kuanzia cha Mombasa hadi cha Bunia. Kufikia jioni mzigo umefungwa, umepimwa, umelipiwa, na mwenye mzigo yuko tena ndani ya basi.

Ni wachache katika watu hao waliopata nafasi, mwaka 2019, ya kupanda boda boda hadi Kira Road ilipo Makumbusho ya Uganda. Mwezi Mei mwaka huo yalifunguliwa pale maonyesho ya picha za miaka ya Idi Amin, na yaliwahusu watu wa Kikuubo na Busia kuliko walivyodhani. Picha hizo zilikuwa zimelala kwa miaka mingi. Mwaka 2015, katika stoo za shirika la utangazaji la taifa, UBC, lilipatikana kabati la mafaili lililojaa bahasha za negativu, zipatazo 70,000. Zilipigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, na nyingi hazikuwahi kusafishwa zikaonekana na mtu yeyote. UBC, Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vya Michigan na Western Australia walianza kuziingiza kwenye kompyuta, kisha zikachaguliwa chache zikatundikwa ukutani.

Mtazamaji alikutana na Amin akikagua gwaride, Amin akicheza ngoma, Amin na wageni wake wakuu, Amin akicheka. Ilikuwa kama kuingia katika stoo ya studio ya filamu, pale wanapohifadhi mavazi na vifaa vya mchezo baada ya waigizaji kuondoka: medali, kofia, viti vya heshima, magari. Lakini katikati ya fahari hiyo zilikuwamo picha za namna nyingine, za wanaume na wanawake walioshikwa kwa magendo na kwa kuficha bidhaa, wamesimamishwa mbele ya kamera ya serikali. Kosa lao, kwa lugha ya leo, lilikuwa kununua upande huu na kuuza upande ule.

Aliyewasimamisha pale alikuwa mtoto wa mpakani.

Koboko iko pembeni kabisa ya kaskazini magharibi mwa Uganda, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na ile iliyokuwa Sudan, leo Sudan Kusini, inakutana. Wakakwa, kabila la baba yake Amin, wako pande zote tatu. Kwa watu wa huko kuvuka mpaka si safari, ni kwenda kwa shangazi. Vitabu vingi vinasema alizaliwa huko karibu na mwaka 1925. Baadhi ya watu wa ukoo wake wanasema alizaliwa Kampala kwenyewe, mwaka 1928, kwa kuwa baba yake alikuwa askari polisi mjini. Mama yake alikuwa wa Kilugbara, mganga wa mitishamba. Wazazi walipotengana mtoto alifuata mama, wakaishi miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Lugazi na baadaye Jinja. Shule aliipata kidogo sana. Inasimuliwa kwamba ujanani aliuza mandazi karibu na kambi ya jeshi Jinja, na kama ni kweli, basi alianza maisha kwa kubeba sinia la biashara kama walivyoanza wengi.

Mwaka 1946 aliingia King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo watu waliliita Keya. Alianzia jikoni, msaidizi wa mpishi. Baadaye alipenda kuwaambia watu kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili, ila vita hivyo vilikuwa vimekwisha alipoandikishwa. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mtiifu kwa mkubwa wake, na kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 alishika ubingwa wa ndondi wa Uganda katika uzito wa juu mwepesi. Alipelekwa kaskazini kukabiliana na mashifta, kisha Kenya wakati wa Mau Mau. Katika jeshi hilo alijifunza lugha iliyomfaa maisha yake yote, yaani Kiswahili cha kambini, kifupi, cha amri, kisichojali ngeli.

Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa uofisa kamili. Mwaka uliofuata, miezi michache kabla ya uhuru, kikosi chake kilitumwa kuwaandama wezi wa mifugo na kikavuka hadi kwa Waturkana upande wa Kenya. Miili ya wafugaji ilipatikana, mingine ikiwa na alama za mateso. Waingereza walitaka kumshtaki, lakini uhuru ulikuwa mlangoni, uamuzi ukaachiwa Milton Obote, na Obote akaona karipio linatosha. Huo ndio mpaka wa kwanza ambao jina la Amin liliuvuka na damu.

Mpaka wa pili ulikuwa wa Kongo, na hapa habari inafanana na biashara ambayo wasomaji wengi wanaijua. Miaka ya 1964 na 1965 waasi wa Simba walikuwa wakipigana na serikali ya Kongo huko mashariki. Obote aliwaunga mkono, na mtu aliyemtumia kuwafikia alikuwa Amin, mzaliwa wa kona ile, mwenye ndugu pande zote. Waasi hawakuwa na fedha za benki. Walikuwa na dhahabu, pembe za ndovu na kahawa. Mali ilivuka kuja Uganda, silaha zikavuka kurudi, na kati ya kuja na kurudi palikuwa na mtu mwenye kamisheni yake.

Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akiwa na habari za akaunti ya benki ya Amin. Katika muda mfupi ziliingizwa humo shilingi 340,000, fedha ambazo mshahara wa kanali usingeweza kuzieleza. Bunge likataka asimamishwe kazi na achunguzwe. Kilichofuata kilikuwa kinyume: Obote aliwakamata mawaziri wake watano ndani ya kikao cha baraza, akachukua madaraka yote, na Amin akapanda cheo. Sheria ambayo Amin mwenyewe alikuja kuitia sahihi miaka 9 baadaye ingemtosha vizuri sana kwa kesi hiyo ya dhahabu. Jambo hilo halikuandikwa chini ya picha yoyote ya wizara.

Mei 1966 aliongoza mashambulizi dhidi ya Lubiri, kasri ya Kabaka pale Mengo, kilima kinachotazama Kisenyi na Nakivubo. Kabaka Muteesa II alitoroka, akafia London mwaka 1969. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa nchi. Kampala ilishangilia. Wafanyabiashara walishangilia, Wahindi kwa Waafrika, na Buganda ilishangilia zaidi pale Amin aliporudisha mwili wa Kabaka ukazikwa Kasubi. Furaha hiyo haifai kufichwa, maana wengi wa waliocheza barabarani Januari ile ndio walioumizwa baadaye.

Hata mwaka haujaisha, mpaka wa Tanzania ulifungwa kwa muda, pamoja na wa Rwanda. Nyerere alikuwa amempokea Obote na hakukubali kuketi meza moja na Amin. Kwa sababu hiyo kikao cha marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakikukutana tena tangu mapinduzi. Reli, posta, bandari na ndege za pamoja ziliendelea kwa mazoea tu, kama duka ambalo wenyewe hawaongei.

Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wana siku 90 kuondoka. Amri ikapanuliwa, na hata waliokuwa na uraia wa Uganda wengi walijikuta hati zao zimekataliwa. Kufikia Novemba makumi ya maelfu walikuwa wameondoka, na mali yao ikabaki. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni biashara, mashamba na viwanda 5,655 vilivyogawiwa watu wengine. Amin aliviita vita vya kiuchumi, na kila Mwafrika aliambiwa kuwa ni askari katika vita hivyo. Hapa lazima haki itendeke: malalamiko ya Waafrika hayakuwa ya uongo. Tangu enzi ya mkoloni biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa wachache, na mchuuzi Mwafrika alikuwa akibaki mlangoni. Soko la Owino, lililoanza mwaka 1971, linatokana na shida ya wachuuzi wa namna hiyo waliokosa nafasi kwingine.

Ila maduka hayakwenda kwa wachuuzi wa Owino. Yalikwenda kwa maofisa wa jeshi, ndugu zao na marafiki zao. Watu wa Kampala waliwapa jina kwa Kiswahili, mafuta mingi, kwa jinsi walivyonenepa ghafla. Ipo hadithi iliyozunguka nchi nzima kuhusu askari aliyepewa duka la nguo: mteja akiuliza bei ya shati, mwenye duka anatazama namba iliyoandikwa kwenye ukosi, 15 au 16, na kuisoma kama ndiyo bei. Iwe ilitokea au ilitungwa, kila mwenye duka anaelewa kwa nini watu waliicheka. Shehena iliuzwa, na hakuna aliyejua bidhaa nyingine iagizwe wapi, kwa hundi gani, kwa nani mwenye kuaminiwa. Rafu zikabaki tupu. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, fahari ya nchi, vilizorota hadi sukari ikawa kitu cha kupangia foleni. Lugazi hiyohiyo ndiko Amin alikolelewa, mtoto kati ya miwa.

Bidhaa ikiadimika bei hupanda, na bei ikipanda mtu huficha gunia akingoja wiki ijayo. Hilo halihitaji mtaalamu. Serikali ya Amin haikuliona hivyo. Mwaka 1975 ilitoa amri ya kuunda Mahakama ya Makosa ya Kiuchumi, iliyoendeshwa na wanajeshi. Kulangua, kuficha bidhaa, kuvusha mali bila kibali, kushika fedha za kigeni, yote yakawa makosa ya kupelekwa huko, na adhabu ilifika hadi kupigwa risasi. Hao ndio watu wa kwenye zile picha. Wapiga picha wa wizara waliitwa kazini kama walivyoitwa kwenye gwaride, kwa sababu serikali ile ilihitaji kuonyesha kwamba kuna adui na kwamba ameshikwa. Mfungwa na jenerali walikuwa kwenye mkanda mmoja wa filamu.

Wakati huohuo dunia ilifanya jambo ambalo Amin hakulitarajia. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda alilazimika kuiuzia bodi ya serikali, ambayo ililipa kidogo, kwa kuchelewa, na kwa shilingi ambayo haikununua kitu. Upande wa Kenya, chini ya mlima Elgon, lilikuwapo soko la Chepkube. Pale mnunuzi alilipa taslimu, na palepale mtu aliweza kununua sabuni, chumvi, blanketi na sukari. Kahawa iliteremka Chepkube kwa punda, kwa baiskeli, kwa vichwa vya akina mama. Mwaka 1976 na 1977 sehemu ile ambayo ramani nyingi hazikuitaja ilijaa fedha, na wazee wa Bungoma bado wanaweza kuonyesha nani alijenga nyumba gani kwa kahawa ile. Busia nayo ilifanya kazi usiku na mchana, na mashua za Ziwa Viktoria zikageuka malori.

Amin aliunda kikosi cha kupambana na magendo. Aliyekisimamia alikuwa Bob Astles, Mwingereza aliyehamia upande wake, na doria ziwani zilijulikana kwa kufyatua kwanza na kuuliza baadaye. Walioumia zaidi walikuwa wale wenye gunia moja. Malori ya kahawa yaliyovuka kwa ulinzi wa maofisa hayakusimamishwa mbele ya kamera. Na serikali yenyewe ilikuwa na magendo yake halali: ndege ziliruka kutoka Stansted, Uingereza, hadi Entebbe zikiwa na pombe kali, redio na nguo kwa ajili ya maofisa, zikilipiwa na fedha za kahawa ileile. Atakayehesabu vizuri ataona kwamba mwanamke mwenye gunia Busia na rubani wa Entebbe walikuwa wakiuza zao moja. Tofauti ilikuwa nani ana bunduki.

Februari 1976 Amin alianza kusema kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda kwa mipaka ya zamani ya mkoloni. Kenya ikakasirika, wafanyakazi wa bandari wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na baada ya makomando wa Israel kuvamia Entebbe mwezi Julai, mafuta ya petroli yalikauka Kampala kwa sababu Nairobi ilitaka kulipwa kwanza. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Kumtwisha Amin mzigo wote wa kuvunjika huko si sawa. Kenya na Tanzania ziligombana zenyewe juu ya ndege, reli na siasa, na ni Tanzania iliyofunga mpaka wake na Kenya. Ila kwa miaka 6 Amin alikuwa sababu nzuri ya kutokutana, na jumuiya isiyokutana haina wa kuitetea.

Mwaka huohuo hofu ilishuka hadi mitaa ya Nakivubo. Februari aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Septemba watu waliodaiwa kupanga njama walipigwa risasi hadharani pale Clock Tower, mnara uliojengwa mwaka 1954 kwa ziara ya Malkia Elizabeth, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Owino. Umati uliitwa kutazama. Makadirio ya waliouawa katika miaka 8 ya utawala wake yanatofautiana, na mengi yanafika 300,000. Wapiga picha wa wizara hawakutumwa kwenye vyumba vya mahabusu vya Nakasero. Waandaaji wa maonyesho ya mwaka 2019 walilijua pengo hilo, na kando ya picha za serikali walitenga nafasi ya kuwakumbuka waliouawa na waliopotea, maana bila hivyo mtu angetoka pale akidhani ameona utawala wa sherehe.

Kuna urithi mwingine wa Amin ambao hauonekani katika picha, nao ni Kiswahili. Mwaka 1973 wilaya za Uganda ziliulizwa lugha ya taifa iwe ipi. Kumi na mbili zilichagua Kiswahili, nane Kiganda, na Amin akatangaza kwa amri kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Ilikuwa hatua ambayo wapenzi wa umoja wa eneo hili waliiota kwa miaka. Lakini ilitolewa na mtu ambaye askari wake walitumia lugha hiyo kumwamrisha raia kulala chini, kutoa saa, kufungua duka. Katika Buganda hasa, mtoto alijifunza kwamba anayebisha mlango usiku kwa Kiswahili hajaleta heri. Hata wakombozi waliokuja kumng'oa Amin walikuja wakisema Kiswahili, na jina bakomboozi liliingia katika Kiganda likiwa na shukrani na wasiwasi kwa pamoja. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Bado yuko mzee wa Kiganda Kikuubo ambaye atamjibu mteja kwa Kiingereza hata kama Kiswahili anakielewa chote. Anayemwona ana majivuno akumbuke aliisikia lugha hiyo kwanza kutoka kwa nani.

Amin alipenda kamera, nazo zilimpenda. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu ambayo Amin mwenyewe aliisimamia kama mwigizaji mkuu: akipiga kodiani, akiwakaripia mawaziri, akionyesha mamba. Alipojua kwamba filamu iliyoonyeshwa Ulaya ina vipande vinavyomchekesha vibaya, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Kampala, akawapa namba ya simu ya mtengenezaji, na wao wakapiga kumwomba avikate. Vilikatwa. Alipoanguka vikarudishwa. Mwaka 1981 ikatoka filamu ya Sharad Patel wa Kenya, Joseph Olita akiigiza nafasi ya Amin, na kizazi kizima cha Afrika Mashariki kiliijua historia kwa filamu hiyo, pamoja na yale yaliyotiwa chumvi. Mwaka 2006 ikaja ya Marekani na Uingereza, iliyopigwa Uganda kwenyewe. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili na kodiani kwa ajili yake, na mwaka uliofuata akapata tuzo ya Oscar. Filamu zote tatu zina jenerali mcheshi mwenye kutisha. Soko la Chepkube halikupewa nafasi ndani ya hata moja.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakapora ng'ombe, sukari na mabati, na kuua raia. Tanzania ilijibu kwa vita. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na kwa siku kadhaa maduka ya mafuta mingi yalivunjwa na kila mwenye mikono. Watu walibeba magodoro, vyerehani, hata milango. Amin alikwenda Libya, kisha Saudi Arabia, ambako alipewa nyumba na posho kwa sharti la kunyamaza. Aliishi Jeddah zaidi ya miaka 20, mji wa bandari wenye masoko ambayo leo hutembelewa na wafanyabiashara wa Kampala wanaofuata manukato, mazulia na kanzu.

Julai 2003 alipoteza fahamu kwa ugonjwa wa figo. Jamaa zake waliomba arudishwe Uganda, na Rais Museveni akajibu kwamba akirudi akiwa hai atajibu mashtaka. Alikufa tarehe 16 Agosti mwaka huo na akazikwa Jeddah siku hiyohiyo, bila mahakama yoyote, ya kiuchumi wala nyingine, kuwahi kumsimamisha kizimbani.